Kwangu Ndani Hakuna Kuvuta

Ugomvi wangu na kijiji kizima ulitokana na neno moja, na neno lenyewe nililitamka mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, tena nimesimama mbele za watu nimevaa kitenge kipya. Sikusingiziwa na mtu. Sasa hivi nikikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma, lakini wakati ule, jamani, kuna watu walikuwa wananipita njiani kama wanapita kisiki.

Ngoja kwanza niwaeleze kazi yangu. Mimi napika kimpumu. Kama hujawahi kufika huku kwetu Mbozi, au kule chini Tunduma, kimpumu ni pombe ya ulezi. Ulezi ukishachachuka unautia kwenye chungu, siku hizi hata ndoo, unamimina maji ya moto juu yake, halafu mtu anachomeka mrija wake anavuta taratibu. Maji yakiisha anaongezewa mengine. Mtu katoka kupalilia kahawa, mvua imemnyeshea mpaka kwenye mifupa, anakaa mbele ya ndoo, anavuta, joto linamshuka mpaka vidole vya miguu. Kwa hiyo huku hatusemi "twende tukanywe." Tunasema "twende tukavute." Hapo ndipo nilipojikwaa, mtaona.

Na tunapika kwa zamu. Wapikaji tuko kwenye kikundi, leo huyu, kesho kutwa yule, ili siku yako uwapate wateja wote peke yako. Ukipika siku isiyo yako umepindua zamu, na ukipindua zamu wenzako hawakuazimi hata chumvi. Kiongozi wa zamu ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Mwanamke ana sauti huyo! Akimfukuza kuku wake, kuku wangu mimi ndio wanakimbia.

Chumba cha wateja kimeshikana na nyumba yangu. Ukuta wa katikati haufiki kwenye bati, nyumba zetu nyingi ziko hivyo, dari hatuna. Upande huu wateja, upande wa pili kitanda changu na mjukuu wangu wa kike. Mtoto huyu ni wa binti yangu aliyeko Tunduma. Binti anauza mitumba mpakani, anatoka alfajiri, anarudi giza limeingia, anaishi chumba kimoja cha kupanga karibu na maegesho ya malori. Akaniletea mtoto akiwa hajaota meno. Kwa hiyo ni wangu. Nasema wangu, hata mama yake akisikia na asikie.

Mvua zilipoanza mwaka ule kifua cha mtoto kikaanza kupiga filimbi. Akirudi shule yuko sawa, anacheza, anakula. Jioni wateja wakijaa, kila mtu na sigara yake, wengine na tumbaku ya kusokota kwenye karatasi, moshi unapanda, unavuka ule ukuta, unashuka kwetu. Mtoto anakaa kitandani ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, hawezi hata kuniita. Nikampeleka Vwawa hospitali. Daktari, binti mdogo tu, akamsikiliza kifua, akaniambia ni pumu.

"Bibi, nyumbani nani anavuta sigara?"

"Hakuna. Mimi sivuti."

"Hakuna kabisa?"

"Labda wateja."

Akanitazama. Akanipa dawa ya kuvuta, kile kichupa unabonyeza mdomoni, akanieleza kwamba hiyo peke yake haitatosha kama moshi unabaki ndani. Nikampigia binti yangu nilipofika stendi. Nilidhani atanipa pole.

"Bamayo," akaniambia. Kule mpakani amezoea kuongea na Wazambia, basi na mimi si mama tena, nimekuwa bamayo. "Shule zikifunga nakuja. Nikikuta hicho kifua bado kinalia, naondoka naye."

"Ukakae naye wapi? Kwenye malori? Nani atamwangalia?"

"Atajiangalia. Bora ajiangalie anahema."

Akakata simu. Mimi nilikaa kwenye benchi la stendi nimempakata mtoto, naye anakula zake karanga, hajui kwamba ameshagawanywa.

Basi ukaja mkutano wa kijiji. Walipofika kwenye mengineyo nikanyanyua mkono. Nikasimama, nikarekebisha kitenge, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye miti ya kahawa: "Ndugu zangu, nawatangazia. Kuanzia zamu yangu inayokuja, kwangu ndani hakuna kuvuta. Imetosha. Kuvuta kunaua watoto wetu."

Wanakwaya wakapiga vigelegele! Mama mmoja wa kanisani akaja akanikumbatia, analia machozi ya kweli. Nikasema kumbe watu wema hivi. Kumbe kijiji kilikuwa kinasubiri tu mtu wa kusema. Upande wa wanaume walikuwa wamenuna, lakini wanaume kununa ni kawaida. Nikarudi nyumbani naimba.

Kesho yake asubuhi nasikia nyimbo njiani. Natoka, naona wanakwaya wamejipanga, wamekuja na ndoo tupu na jembe. Nikawakaribisha. Yule wa machozi akasema, "Mama, tumekuja kukusaidia kumwaga."

"Kumwaga nini?"

"Hiyo pombe. Si umesema hakuna kuvuta tena? Umeshinda, mama yetu! Jumapili utatoa ushuhuda."

Wee! Wakati nashangaa hivyo, wawili wameshaingia chumbani, wameshika chungu changu cha ulezi wananyanyua. Ulezi wa zamu yangu! Nikachukua mwiko, ule mkubwa. Sikumpiga mtu, Mungu ananiona, lakini niliuzungusha. Wimbo ulikatikia katikati.

"Sigara!" nikapiga kelele. "Nimesema sigara! Sijasema mirija!"

"Ulisema kuvuta."

"Kuvuta sigara!"

"Hukusema sigara. Umesimama mbele ya kijiji umesema kuvuta, tumekushangilia, leo unatutolea mwiko?"

Wakaondoka bila kuimba. Toka siku ile kanisani nikikaa benchi, benchi linakuwa langu peke yangu.

Hao ni wa kanisani. Wanywaji nao walikuwa wamesikia vile vile. Kwao mimi nilikuwa nimeokoka nikawageuka. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mvuta sigara mkubwa kuliko wote, alikuwa ameshazunguka kijiji anatangaza kwamba nimeolewa na kanisa. Nikamfuata shambani kwake kumweleza. Nikamwambia ni sigara tu, mtoto ana pumu. Alisimama na panga mkononi, akacheka.

"Shemeji, wewe umepika kimpumu miaka yote hiyo. Ulitegemea mtoto aumwe nini?"

"Nakuheshimu kwa sababu ya kaka yako."

"Na dawa yake si nasikia anavuta? Mtoto avute, mimi mtu mzima nikatazwe?"

Nikamwambia afadhali mtoto, yeye akivuta anapona. Akasema nikitaka kumtoa nje na sigara yake nikamtoe kwanza kaka yake kaburini aje anitetee. Nikageuka kurudi nyumbani. Kusema kweli niliokota na jiwe, nikalirudisha chini.

Waliobaki ni wapikaji wenzangu, na hao niliwategemea, maana ni wanawake, wana watoto. Tukakaa uani kwa kiongozi. Nikaeleza kila kitu, nikaonyesha na kile kichupa cha dawa. Nikawaomba tuweke sheria moja kwa wote: sigara nje, mrija ndani. Maana nikiweka mimi peke yangu, wanaume watasubiri zamu ya mwingine.

Yule jirani alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Maji ya moto ya kuongezea wateja unachemshia wapi?"

"Pale pale chumbani, kwenye mafiga. Kama nyie wote."

"Na moto wako unatoa moshi au unatoa marashi?"

Wakacheka wote. Mmoja alicheka mpaka akajishika kwa mwenzake. Nikakifunga kichupa changu kwenye pindo la kanga.

"Unataka kutufukuzia wateja kwa ajili ya mjukuu wako," akasema. "Kwetu wateja wa sigara ndio wanakaa sana. Anavuta sigara, anaongeza maji, anavuta nyingine, anaongeza maji. Tukiwatoa watakwenda kwenye bia mjini. Mwenzangu, mtoto mpeleke kwa mama yake, sisi tuachie kazi yetu."

"Mpeleke kwa mama yake" aliisema kama mtu anayesema mpeleke mbuzi malishoni. Wenzake wakaitikia. Halafu wakapitisha kwamba zamu yangu inayokuja inarukwa, mpaka akili inirudie.

Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye kile chumba nikatazama mafiga yangu. Bati juu yake jeusi ti. Nikasema, huyu mwanamke ana roho mbaya, lakini hapa amesema kweli. Nikachukua jembe, nikang'oa mafiga. Nikajenga kibanda cha kupikia nyuma ya nyumba, miti na mabati machakavu, mwenyewe, mvua inaninyeshea. Wapita njia wananiuliza kama nimehamia kwa mbuzi. Nawajibu ndiyo, mbuzi hawatukani.

Na zamu yangu waliyoiruka, nikapika.

Ndiyo. Nilipindua zamu. Siku ile ile anayouza yeye jirani, ng'ambo ya barabara, na mimi nimefungua mlango wangu. Asubuhi aliniona natandika mikeka, akatoka katikati ya barabara akashika kiuno chake hivi, akaanza. Sitarudia aliyosema, wajukuu wanasikia. Mimi nilikuwa nasafisha mirija, naitikia "asante, asante, na wewe pia." Alizidi kuvimba.

Mchana kutwa hakuja mtu. Ng'ambo kule wamejaa, wanacheka, kila anayetoka kwenda haja ananipigia mluzi. Shemeji akaja mpaka mlangoni kwangu, akawasha sigara, akapuliza moshi ndani kama anafukuza nyuki, akaondoka. Nikafagia ule moshi kwa kanga. Mtoto akarudi shule, akakuta chumba kitupu, akaniuliza, "Bibi, wamekufa wote?"

Jua lilipoanza kushuka akaingia mzee mmoja ameinama, amefunika kichwa na mfuko kwa ajili ya mvua. Akavua mfuko. Alikuwa ni mume wa jirani yangu! Mume wa kiongozi! Huyu mzee aliugua kifua kikuu, akameza dawa mpaka akapona, lakini kifua hakikurudi kuwa cha zamani. Mkewe alituambia mumewe ameacha kimpumu. Hadi tukampongeza.

"Shikamoo, mzee. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nasikia kwako hakuna moshi."

"Hakuna."

"Niletee ndoo."

Nikamletea. Akachomeka mrija, akavuta, akafumba macho. Na nyuma yake wakaanza kuja wengine, mmoja mmoja, kama wanaiba: bibi mmoja mwenye macho ya kuuma, mama mwenye mtoto mchanga mgongoni aliyemfuata mama mkwe wake, mzee wa mashine ya kusaga ambaye kwa mavumbi ya unga kifua kimeshajaa. Wote watu ambao sikuwahi kuwaona kilabuni kwa mtu yeyote. Walikaa, wakaongea kwa sauti ndogo. Nilijua kuna ulezi duniani, sikujua kuna watu wote hao walikuwa wanautamani wakiwa majumbani kwao.

Jirani akaona watu wanaingia kwangu. Akavuka barabara kuja kuona nimemwibia wateja gani. Aliingia amejiandaa, kidole kiko juu tayari. Akazungusha macho, hakuna mteja wake hata mmoja. Kidole kikaanza kushuka. Halafu akamwona mumewe.

"Wewe! Si uliniambia umeacha?"

Mzee hakutoa mrija mdomoni haraka. Alimaliza kwanza.

"Nimeacha kwako, mke wangu."

"Unakuja kuvuta kwa adui yangu? Nyumbani kwako mwenyewe kuna kimpumu!"

"Kwako navuta moshi. Hapa navuta ulezi."

Chumba kizima kilishika mirija kwa nguvu kisicheke. Mimi nilitoka nikaenda nyuma kwenye kibanda, nikacheka peke yangu mbele ya sufuria mpaka maji yakamwagikia moto. Niliporudi alikuwa ameondoka, na mzee ameagiza maji mengine.

Sasa msidhani alinipenda. Thubutu! Hajanipenda mpaka leo. Lakini kwenye kikao kilichofuata alisimama kabla sijafungua mdomo, akasema, macho hayanitazami, "Kuanzia sasa kwangu sigara nje. Sitaki mume wangu anywee majumbani kwa wanawake wengine." Mmoja akauliza wateja wa sigara je. Akamgeukia: "Na wewe mama yako mzazi nilimkuta pale. Mwulize kwa nini kwako haingii." Mwingine akasema basi iwe sheria ya wote, maana wakiwa wawili wamekataa na wengine wameruhusu zamu zitavurugika. Wakapitisha. Mimi niliyeomba kwa adabu walinicheka, na yeye aliyefoka wamemsikia. Wakanitoza na faini ya kupindua zamu, nikalipa kuni, nikiwa nimefurahi kama bibi harusi.

Kuweka sheria na watu kuifuata ni vitu viwili. Wanaume walisusa. Shemeji akawa ndiye mkubwa wao. Kila zamu wanasimama nje chini ya bati, wanavuta sigara, wanatukana. Siku moja kwangu naona kitu chembamba kinapenya dirishani kama nyoka. Nikataka kukipiga na mwiko. Kumbe shemeji kapata mpira mwembamba wa mafuta ya pikipiki, kaupitisha dirishani mpaka kwenye ndoo, yeye kasimama nje, mkono huu sigara, mkono huu mpira.

"Shemeji, hiyo nini?"

"Sigara iko nje, mdomo uko nje. Pombe iko ndani. Sheria yenu nimevunja wapi?"

Nikatafuta alipoivunja, sikupaona. Nikamwachia. Akawa anavuta ulezi wenye harufu ya petroli, anajifanya ni mtamu. Ilichukua zamu kadhaa mpaka akaja kuomba mrija wa kawaida, na alipoingia sigara alikuwa ameitupa mwenyewe, ila salamu hakunipa.

Shule zikafunga. Binti yangu akaja, mvua inanyesha, amebeba begi tupu la kuwekea nguo za mtoto. Na bahati mbaya au nzuri ilikuwa ni zamu yangu. Alikuta nje pamejaa wanaume chini ya bati, moshi juu ya vichwa vyao, wanaongea habari zangu wamempa mgongo, hawajamwona. Mmoja anasema huyu bibi mchawi. Shemeji anasema si mchawi, wachawi wana huruma.

Binti akaingia amekunja uso. Hakunisalimia.

"Bamayo, wale nje wanakutukana wewe?"

"Mimi."

"Na unacheka?"

"Sikiliza vizuri, mwanangu. Wanatukania nje."

Akapita moja kwa moja kwenye chumba chetu. Mtoto alikuwa anachora chini kwa mkaa, akamrukia. Nilimwona binti yangu amepiga magoti, amemlaza mwanawe kifuani, ameweka sikio mgongoni kwake. Upande wa pili wa ukuta watu wamejaa, wanavuta mirija, wanasimuliana bei ya kahawa. Alisikiliza. Akamgeuza akasikiliza upande mwingine. Akanusa nywele za mtoto, akanusa blanketi, akanusa hata kanga yangu niliyovaa, kama anatafuta mnyama.

"Anakohoa asubuhi?"

"Kidogo. Siku za baridi."

"Usinidanganye."

"Mwulize mwenyewe."

Akamwuliza. Mtoto akasema anakohoa akikimbia sana, na kwamba bibi alimtishia mwanakwaya kwa mwiko, na kwamba hataki kwenda Tunduma kwa sababu kule hakuna mbuzi.

Binti alikaa na lile begi miguuni, anafungua zipu, anafunga. Mimi nikajifanya nakunja blanketi. Niliogopa nikiongea nitaharibu.

"Mpaka shule zikifunga tena," akasema mwishoni. "Nakuja bila kukuambia. Nikisikia harufu moja tu, bamayo, moja, sitakaa hata kunywa chai."

"Njoo hata kesho."

Alilala siku chache, akagombana na mimi kuhusu sabuni, kuhusu kuku, kuhusu kila kitu. Alipoondoka lile begi alikuwa amelijaza mahindi mabichi na maharage yangu. Mtoto alimsindikiza mpaka barabarani anakimbia, akarudi anahema, nikamkalisha, nikasubiri. Kifua kilikaa kimya. Halafu, maana zamu ilikuwa imenirudia, nikaenda kuongeza maji kwenye ndoo ya mume wa jirani, alikuwa ameshaniita mara nyingi na mkewe alikuwa amesimama mlangoni kwake, ng'ambo ya barabara, anatuangalia.